Bibi Harusi Aliyepikwa kwa Hita

Binamu yangu alipoomba nimpeleke ukumbini kwa gari langu siku ya harusi yake, nilikubali kabla hajafika mwisho wa ombi. Gari lenyewe ni Chevrolet Chevelle ya 1969, injini ya V8, silinda nane, ya inchi za ujazo 396, yaani lita 6.5 hivi. Likinguruma, vikombe kabatini vinagongana. Jambo moja tu sikumwambia binamu: lilikuwa linachemsha.

Si kila wakati, jamani. Barabara kuu, kilomita 80 kwa saa, geji ya joto ilitulia kama mtoto aliyeshiba. Tukisimama kwenye taa, mshale unaanza kupanda ngazi. Nilishabadilisha mfuniko wa rejeta, pampu ya maji, hosi ya chini, na mwishowe rejeta nzima. Wajuaji wakasema toa themostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Nikaitoa. Gari likawa linachelewa kupata moto asubuhi, kisha linachemsha vilevile. Nikairudisha kimyakimya.

Mwenye akili angejiuliza kwa nini likikimbia linapoa na likisimama linachemsha. Mimi nilijiuliza tu ninunue nini tena.

Basi siku ikafika. Nyuma wamekaa bibi harusi na shangazi, mbele mimi na msimamizi wa bwana harusi, suti nyeupe pee. Kumbe msafara wa harusi hauendeshwi, unasukumwa na dua! Mpiga video alikuwa mbele ya boneti, anatembea kinyumenyume, ananipungia mkono nipunguze mwendo. Nipunguze vipi tena?

Mshale ukagusa 230 za Fahrenheit, ambazo ni nyuzi 110 za Selsiasi. Maji ya sufuriani yangekuwa yametokota zamani. Ya kwenye rejeta hustahimili kwa sababu yana kulanti, ile dawa ya kuyachelewesha kutokota, na mfuniko unayabana kwa shinikizo, lakini kustahimili nako kuna mwisho.

Nikakumbuka ujanja wa wazee: washa hita. Hita ni kijirejeta kilichofichwa ndani ya gari. Maji ya moto ya injini yanapita humo, kifeni kinapuliza, na joto lililokuwa la injini linakuwa la abiria. Nikaivuta hadi mwisho, nikatazama mbele kama mtu asiyehusika.

"Mwanangu," shangazi akasema baada ya muda, "gari hili lina moto, au ndio umri wangu umefika?"

"Ni jua, shangazi."

"Jua linatokea miguuni?"

Sikujibu. Kwenye kioo nilimwona bibi harusi aking'aa kama maandazi yaliyotoka kwenye mafuta. Kope moja ya bandia ikabanduka, ikateleza polepole, ikatua shavuni. Shangazi, macho yake si ya jana, akaona mdudu. Akampiga kofi.

Mpiga video alilinasa. Lipo mpaka leo, na wanalirudisha polepole.

Mshale ulishuka kidogo, nikaanza kujipongeza, na hapo hapo boneti likafuka moshi mweupe. Msimamizi akaruka nje, akafungua boneti, akatoa leso, akanyoosha mkono kwenye mfuniko wa rejeta. Nilipiga ukelele ambao bwana harusi aliusikia ukumbini. Ukilegeza mfuniko ule kukiwa na moto, shinikizo linaachia, maji yanageuka mvuke na kukurukia usoni. Suti isingekuwa hasara kubwa kuliko zote. Bibi harusi akamalizia safari kwenye kigari cha mpiga video, amekumbatia miguu ya kamera.

Kesho yake nikaita fundi. Hakugusa spana. Aliwasha injini, akabandika karatasi mbele ya rejeta na kuiachia. Ikaanguka chini.

"Ilitakiwa inate, feni iivute," akasema. "Bosi, kava la feni liko wapi?"

"Kava gani?" nikauliza, huku najua vizuri sana.

Ni lile kava linaloizunguka feni na kuiunganisha na rejeta. Bila hilo, feni haivuti hewa ya kutosha kupitia rejeta. Nyingine inajizungushia tu, hewa ya moto ya pembeni. Ukiwa kasi, upepo wa barabara unakusitiri. Ukitambaa nyuma ya mpiga video, umekwisha. Nililing'oa mwenyewe nilipopaka injini rangi, kwa sababu lilificha feni yangu mpya inayong'aa.

"Umelitupa?"

Nikampeleka nyuma ya nyumba. Kava lilikuwa ukutani, limepigiliwa misumari minne, na wanangu wanarusha mpira katikati yake.

"Baba, subiri," mdogo akasema, "tuko kumi na nne kwa kumi na mbili."

Tukasubiri. Fundi akafuta mikono, akaomba naye arushe mmoja.