Mfungwa aliyetetea pingu

Juzi nilikwenda kwa jirani kurudisha sufuria, nikamkuta dada wake wa kazi amekaa chini jikoni anakwangua ukoko. Wenyewe walikuwa sebuleni wanakula pilau. Kilichoniuma ni kwamba jirani huyu naye aliwahi kuwa dada wa kazi. Alinisimulia mwenyewe, machozi yakimtoka, jinsi mabosi wake walivyokuwa wakimwachia ukoko. Usiku nilimweleza mume wangu, akasema, "Labda kasahau." Hapana. Hajasahau hata siku moja.

Tangu hapo John Mitchel hanitoki kichwani.

Mitchel alikuwa Muairishi, mtoto wa mchungaji, mwanasheria aliyekulia mji wa Newry, kaskazini mwa Ireland, nchi iliyokuwa chini ya Waingereza. Njaa kuu ilipoua watu wapatao milioni moja kwao, alikataa kuambiwa kwamba ni kudra tu. Februari 1848 akaanzisha gazeti, akaandika waziwazi kwamba Waingereza waliacha watu wafe huku nafaka ikipakiwa melini, na akawaita wenzake washike silaha. Mei mwaka huohuo akahukumiwa miaka 14 ng'ambo. Hapo namvulia kofia.

Wakampeleka kwanza Bermuda, kwenye meli kuukuu iliyogeuzwa jela, pumu ikimkaba usiku. Kisha akapakiwa kwenye meli ya Neptune hadi Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika. Wakazi wa huko walikataa katakata koloni lao kugeuzwa jaa la wafungwa, wakagoma hata kuiuzia meli chakula, ikatia nanga miezi mitano bila mtu kushuka. Aprili 1850 ndipo akafikishwa Van Diemen's Land, kisiwa kinachoitwa Tasmania leo. Akaruhusiwa kuishi nje ya jela, kijijini Bothwell, kwa ahadi kwamba hatatoroka. Mkewe na watoto wakamfuata huko.

Mwaka 1853 akaamua kuondoka. Aliingia kituo cha polisi, akamkabidhi hakimu barua ya kurudisha ile ruhusa, ndipo akatoka nje, akapanda farasi na kutimua mbio. Hakutaka aitwe mvunja ahadi.

Mtu mwenye kujali heshima kiasi hicho akafika New York, akaanzisha gazeti jingine, na mapema 1854 akaandika humo kwamba kumiliki watumwa si kosa, kuwanunua si kosa, kuwachapa viboko ili wafanye kazi si kosa. Akatamani kuwa na shamba lake Alabama, lililojaa watu weusi wenye afya. Akahamia Tennessee, akatoa gazeti la kudai biashara ya watumwa kutoka Afrika ifunguliwe upya. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipozuka, wanawe watatu walipigania upande wa Kusini, uliotetea utumwa. Wawili hawakurudi.

Nimezaliwa Bagamoyo. Miaka hiyohiyo aliyokuwa akiandika, watu walikuwa wakiteremshwa hadi pwani yetu wamefungwa shingo kwa shingo. Siwezi kumsoma nikatulia.

Wanaomtetea husema alikuwa mtu wa zama zake. Zama zipi? Daniel O'Connell, Muairishi kama yeye, alifariki 1847 baada ya kuupinga utumwa miaka mingi. John Boyle O'Reilly, Muairishi mwingine, naye alikuwa mfungwa. Alifikishwa Australia Magharibi Januari 1868 na meli ya mwisho ya wafungwa, mwaka uliofuata akatorokea Marekani, na huko Boston kalamu yake akaitumia kuwatetea watu weusi. Bahari ileile, serikali ileile iliyowafunga.

Nimemfikiria Mitchel sana, na naona hasira yake yote ilikuwa ya mtu aliyewekwa mahali ambapo aliamini pana wenyewe. Pingu kwenye mkono wa Muairishi zilimkosesha usingizi. Kwenye mkono wa mtu wa kwetu aliziona zimefika zilikotakiwa. Mateso aliyajua kwa ngozi yake, na bado hayakumwonyesha mtu mwingine. Jirani yangu anaukumbuka ukoko vizuri kabisa. Anaamini tu kwamba sasa ni zamu ya mwingine kuula.

Sanamu ya Mitchel imesimama Newry, na wapo wanaodai iondolewe. Hilo ni la wenyeji wake. Mimi Jumapili nakwenda kwa jirani, nitamwita pembeni tukiwa wawili, nimwambie nilichokiona jikoni kwake. Akinuna, anune.