Mnyauko wa nyanya Lushoto: kubaki kijani si kupona

Wanaotaka mnyauko bakteria ukomeshwe kwa kuziba sindano ya bakteria wana hoja nzito. Ralstonia solanacearum, anayenyausha nyanya, viazi na bilinganya, huchoma seli za mmea kwa mfumo wa aina ya 3, ambao ndio sindano yenyewe, na kuingiza protini za kuzima kinga yake. Akinyimwa mfumo huo, hanyaushi kitu. Hilo linajulikana tangu miaka ya 1980.

Lakini bakteria asiyenyausha hajafa. Hata huyo asiye na sindano huweza kuingia mizizini na kukaa humo, ingawa kwa idadi ndogo. Kuna protini anazozitoa ili aishi tu. Mzizi ukimhisi, seli za ncha yake humwaga nyuzi za DNA zinazomnasa. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba Ralstonia hutoa vimeng'enya vya kuzikata nyuzi hizo, akajinasua.

Halafu kuna mfumo wa aina ya 6, njia nyingine ya bakteria kutoa protini, uliotambuliwa 2006. Unakadiriwa kuwamo katika takriban robo ya bakteria wa Gram-hasi, kundi kubwa la bakteria wenye utando wa nje. Robo nzima, wakiwemo wengi wasioletea mmea wala mnyama ugonjwa! Kama ni silaha ya kuletea magonjwa, hao wanaubeba wa nini? Wengi huutumia kuua bakteria jirani wanaogombania chakula. Xanthomonas citri, anayeshambulia michungwa na ndimu, hujikinga nao asiliwe na ameba. Burkholderia thailandensis wa udongoni, akibanwa na sumu za oksijeni, hupitishia humo protini inayomletea manganizi ya kumlinda. Ni kweli, haya yameonekana zaidi maabara, na la manganizi halijathibitika kwa kila bakteria mwenye mfumo huo. Hata hivyo picha inayojitokeza ni ya kiumbe aliyejiandaa kwa dhiki.

Na dhiki ndiyo maisha ya Ralstonia katika mabonde ya Lushoto kati ya msimu na msimu. Hukaa udongoni na majini bila nyanya hata moja, akisafiri kwa mfereji kutoka shamba hadi shamba. Mbegu kinzani zinahitajika sana, ila nyanya kinzani huweza kubaki kijani huku imembeba. Kwa hiyo majaribio ya mbegu yapime bakteria ndani ya mashina yaliyosimama, si kuhesabu iliyonyauka tu, na anayeuziwa mbegu hiyo aambiwe dukani kwamba msimu unaofuata apande mahindi, asipande viazi wala bilinganya.