Hoima inakua, pesa ya shule bado inahesabu watoto wa zamani

Hoima, huku magharibi mwa Uganda, siku hizi Kiswahili unakisikia kila kona, takisi paki, sokoni, kwa mafundi wa barabara, kwa akina mama wa samaki wanaofanya biashara na ng'ambo ya Ziwa Albert upande wa Kongo. Watu wamekuja kwa sababu nyingi. Mafuta yaligunduliwa 2006, uwanja wa ndege ukaanza kujengwa Kabaale, mji ukapandishwa kuwa jiji 2020, makampuni yakatoa uamuzi wa mwisho wa kuwekeza Februari 2022. Na katikati ya hayo, mwanzoni mwa 2018, maboti yalikuwa yanashusha wakimbizi kutoka Ituri ya Kongo pale Sebagoro, wengi wakapelekwa kambi ya Kyangwali. Hawa watu wote wana watoto, na watoto wanaenda shule zilezile zilizokuwepo kabla mtu hajasikia neno Kingfisher, jina la mradi wa mafuta.

Sasa kila muhula ukianza mabishano ni yaleyale: mzazi wa shule ya UPE, yaani praimari ya bure ya serikali, achangie pesa, ama asichangie hata shilingi kwa sababu tuliambiwa elimu ni bure?

Sheria yenyewe inasema vitu viwili kwa pamoja, ndiyo maana kila upande unajiona uko sawa. Sheria ya Elimu ya 2008 inakataza kutoza ada shule za UPE, lakini inaruhusu michango ya hiari, na inasema mtoto asikataliwe wala asifukuzwe kwa kukosa kuchanga. Halafu chakula cha mtoto imekiweka juu ya mzazi. Kwa hiyo hedimasta akikuambia lete pesa ya posho (ugali wa watoto shuleni) hajavunja sheria. Akimrudisha mtoto nyumbani, amevunja.

Nianze na wanaosema tuchangie, maana hawa mara nyingi wanatukanwa bure. Ruzuku ya serikali kwa mtoto wa praimari ni kama shilingi 20,000 kwa mwaka. Mwaka, si mwezi. Chukua shule ya watoto 900, hapo ni milioni 18, gawa kwa mihula mitatu unapata milioni 6, na humo ndimo chaki, karatasi za mitihani, mechi za wilaya, kufuli, kitasa, fundi wa choo, safari za hedimasta kwenda ofisi ya elimu, vyote vinataka kutoka. Mwalimu wa ziada hayumo, kwa sababu mishahara inatoka Kampala na wilaya haiwezi kuajiri zaidi ya pesa ya mishahara iliyopangiwa, hata P1 (darasa la kwanza) ikiwa imejaa mpaka watoto wanakaa chini mlangoni. Ndipo PTA, chama cha wazazi na walimu, inaajiri kijana aliyemaliza chuo cha ualimu anasubiri kazi, inamlipa kwa michango ya wazazi. Ukifuta ile michango kesho asubuhi, yule kijana anaondoka na darasa lake linarudi kwa mwalimu ambaye tayari ana watoto mia. Wanaopiga kelele za bure bure huwa hawajibu hilo swali.

Lakini upande wa pili nao, jamani. Hiari yenye tarehe ya mwisho ni hiari gani? Karatasi inaletwa na mtoto: posho, mtihani, kuni, jengo, mwalimu wa PTA, kila kitu na bei yake, chini kuna muhuri. Ukiwa na watoto wanne hapo hiyo ni pesa ya kweli. Mama anayevunja mawe ama kibarua wa mashamba ya miwa hana mshahara wa mwisho wa mwezi, na familia ya Kyangwali ambayo mgao wake wa chakula umekatwa mara kwa mara tangu 2023 itatoa wapi? Kinachotokea tunakijua, mtoto hafukuzwi kwa maneno, anaitwa tu jina mbele ya wenzake Jumatatu, Jumanne, Jumatano, mpaka yeye mwenyewe anaacha kuja. Kwenye rejista bado yupo. Kwa macho hayupo.

Mimi naona pande zote mbili zinagombania mfuko mdogo na kuliacha shina, nalo ni hesabu. Ruzuku inafuata idadi ya watoto iliyopelekwa zamani, na sehemu inayokua kama hii kila mwaka ina watoto ambao bado hawajaandikwa popote. Wilaya ambayo watu hawaongezeki haiumii sana, lakini Hoima na wilaya jirani ya Kikuube zinalipwa kwa sura yao ya jana. Serikali inaweza kupandisha hizo 20,000 mpaka 30,000 (na ipandishe!) bado shule iliyopokea watoto 200 katikati ya mwaka itawalisha chaki ya wengine.

Wapo wanaosema pesa ipo ila inaliwa. Si uongo mtupu. Uchunguzi wa miaka ya 1991 hadi 1995 ulikuta kwamba kwa wastani asilimia 13 tu ya ruzuku ilikuwa inafika shuleni. Serikali ikaanza kutangaza kwenye magazeti kila wilaya imetumiwa ngapi, na shule zikatakiwa kubandika kiasi kilichofika, hali ikawa nzuri sana kuliko mwanzo. Yaani dawa ilikuwa karatasi ukutani. Sasa pita shule ngapi leo uone kama hiyo karatasi ipo.

Ila wizi peke yake hauelezi kila kitu. Muluka (parishi) moja inapewa shilingi milioni 100 kwa mwaka ya mpango wa maendeleo ya parishi, na ile shule yetu ya watoto 900 ndani ya muluka hiyohiyo inapata 18. Najua, ile ni ya mikopo ya kaya, watu wafuge kuku walime kahawa, na mzazi mwenye kipato atasomesha. Hoja hiyo ina uzito, sikatai. Lakini kuku wanachukua muda na mtoto yuko P3 sasa hivi.

Halafu wilaya zenyewe hazina mkono. Kodi ya kichwa ilifutwa 2005, watu wengi tulishangilia, haikuwa kodi ya heshima ile na jinsi ilivyokuwa inakamata wanaume barabarani, lakini zilizokuja baadaye, ya huduma za mitaa na ya hoteli, hazijaziba pengo. Karibu kila shilingi inatoka Kampala ikiwa imeshapangiwa kazi.

Kwa hiyo mimi niko hapa: mzazi achangie chakula, na akubaliwe kuleta mahindi na maharage badala ya pesa, basi. Mwalimu na darasa visiwe juu yake. Watoto wahesabiwe kila muhula na pesa iwafuate muhula unaofuata. Na kuna mrabaha wa mafuta, yaani fungu ambalo makampuni yanailipa serikali kwa mafuta yanayochimbwa; sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2015 imetenga asilimia 6 yake kwa serikali za mitaa za maeneo ya mafuta. Hiyo watu wanaiogopa kuitegemea kwa sababu bei ya mafuta inapanda na kushuka, na wana haki, usimlipe mwalimu mshahara kwa pesa ya namna hiyo. Lakini darasa likishajengwa halibomoki bei ya pipa ikishuka. Madiwani wa Hoima, Kikuube na Buliisa waandike kabisa, kabla pesa haijaanza kuja na kila mtu kuanza kuona gari jipya la ofisi, kwamba fungu fulani la huo mrabaha ni la madarasa na vyoo vya shule, na kiasi kikifika kibandikwe ukutani.