Pingili za mama na viazi vya Waholanzi

Nilipokuja Wageningen kusoma shahada ya uzamili ya bayoteknolojia ya mimea, nilifuata maabara: chupa safi, taa za kuoteshea, umeme usiokatika. Niliyapata, na nashukuru. Lakini kadiri ninavyozidi kuishi huku Uholanzi, ndivyo ninavyoona kwamba kilichonibadilisha ni somo la biashara ambalo nusura nilikwepe.

Mwalimu (huku unamwita kwa jina tu, bila "Profesa", ilinichukua muda kuzoea) alitaka kila mmoja aeleze atauza nini. Nikasema miche ya muhogo isiyo na virusi: unakata ncha changa ya chipukizi, unaiotesha kwenye chupa, unaipima, unaizidisha. Akauliza: nani atailipia?

Nilinyamaza. Kwetu Mkuranga, Tanzania, pingili za muhogo, yaani vipande vya shina vya kupandia, haziuzwi. Jirani akiomba, mama anamkatia mzigo, na kesho mama ataomba kwake. Ni wema mkubwa, na ndio huohuo unaohamisha michirizi kahawia, ugonjwa wa virusi wa muhogo, shamba kwa shamba. Ugonjwa huo uliandikwa na mtafiti Storey mwaka 1936, enzi za kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara, na bado unatutesa. Shina linaweza kukudanganya kwa uzima, ukichimba unakuta muhogo umeoza ndani.

Sasa tazama kiazi mbatata cha huku. Nacho hupandwa kutokana na mwenzake, nacho hurithi virusi. Mkulima wa Kiholanzi hununua mbegu ya viazi kwa sababu imekaguliwa: shirika la NAK limefanya kazi hiyo tangu 1932. Analipia uhakika. Kwetu TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu, nayo hukagua mbegu za muhogo, kwa hiyo si kweli kwamba hatuna pa kuanzia. Tunachokosa ni vijana wa maabara wanaojua kupiga hesabu ya mkulima.

Na hesabu yenyewe si ya Uholanzi. Pingili ni mzigo mkubwa, na ukishazikata hazidumu ghalani, zinakauka. Mzalishaji lazima awe karibu, umbali wa bodaboda. Bei itajwe kwa mzigo, msimu mvua inapokaribia, mkulima akiwa na hela mkononi. Haya hayakuwa kwenye daftari langu la darasani. Ndiyo maana naumia kuona mtu anamaliza uzamili nyumbani, tasnifu nzuri kabisa, na hajawahi kuulizwa mche wake mmoja umegharimu shilingi ngapi.

Nilimpigia mama nikamshauri apande Kiroba, aina ya muhogo, iliyokaguliwa, kisha auze pingili. Akashtuka: "Mwanangu, jirani nitamdai vipi hela ya kijiti?"

Nikamwambia basi asiuze mwanzoni. Awape majirani wawili bure, wavune, wakate muhogo wao wauone ulivyo mweupe ndani. Msimu wa pili ndipo ataje bei. Amekubali, ila ataanza na shangazi.