Bwawa la uani, sawa. Gugumaji, hapana!

Jumamosi jirani yangu aliniita nikaone bwawa lake jipya. Mama mtu mzima, mstaafu, na shimo kalisimamia mwenyewe huko uani, katikati ya mawe haya makubwa ya Mwanza. Katandika nailoni nzito, kazungushia kokoto, kapanda magimbi pembeni. Kazi safi. Nilifurahi mpaka nilipotazama majini: maua ya zambarau yanaelea, majani yanang'aa, vikonyo vimevimba kama vibofu.

"Mama, hili si gugumaji?"

"Aliyeniuzia kasema ni ua la majini, mwanangu. Linasafisha maji."

Damu ilinichemka. Yeye simlaumu. Namlaumu muuza miche, maana anajua alikolichota.

Mimi nimekulia Ukerewe, kisiwani Ziwa Victoria. Mwaka 1998 nilikuwa na miaka 10, na ninakumbuka asubuhi ambazo mwalo wetu ulikuwa umefungwa kijani kitupu, huoni maji. Mjomba alilala na nyavu majini, akaamka akakuta zimeburutwa na kisiwa cha majani. Mtumbwi hautoki. Mama anasukuma magugu kwa mikono apate ndoo moja ya maji, na sisi watoto tunakatazwa kumsogelea kwa sababu ya nyoka. Upande wa Kenya, Ghuba ya Winam, zaidi ya hekta 17,000 zilifunikwa mwaka huohuo. Wakaletwa wadudu jamii ya fukusi walitafune, likapungua. Halijaisha hadi leo.

Na lilifikaje? Kwao ni Amerika Kusini, bonde la Amazoni. Watu walilipenda kwa uzuri wake, wakalibeba nchi hadi nchi wakalipamba kwenye mabwawa ya nyumbani, kama hili la jirani yangu. Kwetu liliingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, likishuka na mto Kagera. Hakuna aliyekusudia kuwanyima wavuvi riziki. Waliona ua tu.

Haya, linafyonza uchafu, hilo siwezi kulikataa, na ua lenyewe ni zuri. Lakini kwenye bwawa la mita mbili linaweza kuongezeka maradufu ndani ya wiki mbili. Likishafunika uso wote, mwanga haupiti, hewa inapungua majini, samaki wanakufa. Utalipunguza, utatupa wapi? Kwenye mfereji. Mvua ikinyesha mfereji unamwaga mto Mirongo, na Mirongo unamwaga ziwani. Kipande kimoja kinatosha kuanza upya, na mbegu zake hukaa kwenye tope zaidi ya miaka 15 zikisubiri.

Kuhusu mbu, wenye hofu wana haki, maji yaliyotulia ni kitalu chao. Weka sato wadogo wachache, watakula viluwiluwi.

Ukitaka ua, panda yungiyungi. Lipo hapahapa kwetu, kwenye vighuba vilivyotulia, na lina harufu ambayo gugumaji halina. Chukua ndoo pana, jaza udongo wa mfinyanzi, zika tunguu lake, funika kwa kokoto udongo usitibuke, kisha izamishe panapopata jua karibu siku nzima. Mafunjo nayo yanapendeza, ila yaache ndani ya chombo yasije yakatambaa.

Ninawaomba sana mnaouza miche barabarani: uzeni magimbi, uzeni yungiyungi, pateni riziki yenu. Hili liacheni. Kuna watoto Ukerewe wanaotaka kuona baba zao wakirudi na samaki.

Mama alinisikiliza akiwa kimya, kisha akapandisha khanga yake, akaingia majini mwenyewe. Tulitoa mashina 11, tukayahesabu, na vitoto vyake vyote. Tumeyaanika juu ya jiwe, mbali na mfereji, mizizi ikitazama jua. Yakikauka kabisa tutayachoma. Yungiyungi nitampelekea Jumamosi.