Mnaongoja Msimu Mzuri, Ngojeni Mpaka 2044

Kura imepigwa kwenye grupu letu la WhatsApp na nimeshindwa vibaya. Swali lilikuwa: tutembee kwenda Maulidi ya Lamu msimu gani? Watu 19 wamechagua Januari na Februari, "jua zuri, hakuna mvua." Wanne wamechagua Agosti. Mmoja hakuchagua kitu, kaandika tu kwamba swali lenyewe ni bovu, na huyo mmoja ni mie. Mtoto wa kaka yangu, mwenye grupu, akanijibu kwa dole gumba. Dole gumba! Mtoto niliyemkogesha kwa mikono hii, nikamkanda kwa mafuta ya nazi, leo ananijibu kwa kidole.

Basi nimehamia huku, ambako hakuna wa kunipigia kura.

Safari wanayoipanga si ndogo, na kwa hilo nawavulia kofia. Utoke Malindi kwa miguu, uvuke Sabaki, upite Mambrui na Gongoni, kwenye mashamba ya chumvi mpaka Marereni, ushike njia ya Garsen, Witu, Hindi, utokeze Mokowe na kuingia kwenye boti. Zaidi ya kilomita 200. Nia ni kufika Langoni, mtaani Lamu, wiki ile ya mwisho ya Mfungo Sita (Rabiul Awwal), wakati Msikiti wa Riyadha hauna pa kutia mguu, na siku ya ziara uwe miongoni mwa wanaokwenda kaburini kwa Habib Swaleh, mwasisi wa Riyadha, matwari yanalia, vumbi limesimama. Nia njema. Mungu aitakabali.

Lakini Januari?

Wanangu, Maulidi yanafuata mwezi wa mbinguni. Hayafuati kalenda ya ukutani mliyopewa bure na duka la simiti. Kila mwaka yanarudi nyuma siku 10 au 11. Mara ya mwisho ya Lamu kuangukia Januari na Februari ilikuwa 2012 mpaka 2016, na mzunguko mzima ni miaka 32 na kitu. Pigeni hesabu wenyewe. Februari itakayofuata ni ya 2044. Mtoto wa kaka yangu ana miaka 26. Atakuwa na 44 na kitambi. Mie nitakuwa na 67, kama nitakuwepo, na magoti haya ninayoyasikia yakilia kwenye ngazi leo sidhani kama yatanisubiri.

Na kinachoniuma ni kwamba miaka hii hii tunayoipoteza kwa kura, Maulidi yamekaa pazuri kuliko pote. Mwaka jana yalikuwa Septemba. Mwaka huu wa 2026 ni Septemba tena, mapema zaidi, kisha yataingia Agosti, yatateremka Julai. Demani na kipupwe, majira ya ubaridi! Tumeletewa mlangoni, tumefunga mlango tupige kura. Mkichelewa miaka kumi mtayakuta mwishoni mwa Mei, masika yamekolea, na hapo nitawaomba mniambie rangi ya matope ya Tana.

Nimejiuliza siku mbili nzima hiyo Januari wameitoa wapi, mwisho nikajua. Wameitoa hotelini.

Sisi watu wa Malindi neno msimu tumeliuza zamani. Ukimwambia mtu wa hapa "msimu mzuri" haoni upepo wala mvua, anaona Mtaliano. Sizoni ni Desemba mpaka Machi: mikahawa imefunguliwa, tuktuk zimepandisha bei, kila kijana ana kazi hata kama kazi yenyewe ni kusimama getini. Ikifika Mei milango inapigwa misumari na tunaambiana "msimu umekufa." Umekufa kwa nani? Bahari ipo, miembe ipo, watu wanaoa. Umekufa kwa sababu mgeni kaondoka. Sasa mgeni anatoka kwenye barafu, anataka kuoka mgongo, jua la Januari kwake ni dawa na halali yake. Wewe uliyezaliwa mtaa wa Barani hapa Malindi, mweusi tititi kama mie, unataka kulibeba hilo jua kichwani kilomita 200 kwa dawa ya nini?

Nawaambia kwa sababu nililionja. Mwaka 2014 Maulidi ya Lamu yalikuwa mwishoni mwa Januari, msimu wao huo huo. Sikutembea kutoka Malindi, siwadanganyi. Nilipanda basi mpaka Mokowe kama watu wengine. Lakini dada yangu kaolewa Kipungani, kijiji cha kisiwani Lamu mbali na mji, nikaenda kwake kwanza, na siku ya kwenda mjini tukaamua twende kwa miguu, wanawake saba, tukatize kwa ufuoni mpaka Shela, jirani na mji. Tulichelewa kutoka. Tulichelewa kwa sababu mmoja wetu, simtaji na anajijua, alisema haendi Maulidi bila mahamri ya kuwapelekea wenyeji, na unga ulikuwa haujaumuka. Tukatoka jua limeshachomoza lote. Ilipofika saa tatu mchanga hauwekeki mguu. Kaskazi inavuma usoni, mchanga machoni, mchanga mdomoni, mabuibui yanapiga kama matanga yaliyokatika kamba. Ndala ya mtu ikakatika. Dada yangu akakaa juu ya chungu la mchanga akasema tumwache hapo hapo, tutamkuta tukirudi. Maji tuliyamaliza nusu ya njia. Tumeingia Shela midomo imepasuka, na mahamri, ambayo ndiyo yaliyotuponza, yamekauka kama mbao.

Hakuna tone moja la mvua lililoanguka. Hali ya hewa nzuri kabisa.

Na hilo la upepo ndilo linalonishangaza kuliko yote, maana hawa ni watoto wa Pwani. Malindi iko kusini, Lamu iko kaskazini. Babu zenu waliokuwa na vyombo walipandisha Lamu kwa kusi, upepo wa kutoka kusini, na kuteremka kwa kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini. Kwenda kinyume chake ilikuwa adhabu, siku zinapita mtu anakata mawimbi na unga unakwisha. Mguu nao ni chombo. Ukienda Lamu na kusi, upepo uko mgongoni unakusukuma, jasho linakauka kabla halijafika kiunoni. Ukienda na kaskazi mnatazamana uso kwa uso njia nzima. Watu 19 wamekaa, wamefikiri, wamechagua kutazamana nayo uso kwa uso.

Bibi yangu, Mungu amrehemu, aliitembea njia ile ya Kipungani miaka na miaka na sikumbuki kumsikia akiuliza ni Januari au ni Juni. Aliuliza: "Leo mwezi ngapi?" yaani siku ya ngapi tangu mwezi uandame. Ukimjibu, anakunja vidole mara mbili tatu, anajua kila kitu. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua, maji makubwa, yanajaa saa kumi, yanakupwa saa nne. Mwezi wa saba, wa nane, ni maji mafu, usitarajie ufuo mpana. Alikuwa hajui kusoma saa ya ukutani vizuri, lakini maji hayakumkuta njiani hata siku moja.

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize. Maulidi yakiwa wiki ya mwisho ya mwezi, bahari iko vile vile miaka yote. Mwezi umezeeka, bamvua iko njiani, na asubuhi maji yanakuachia ufuo: mchanga umelowa, mgumu kama sakafu, unatembea kama uko barazani. Iwe kaskazi, iwe masika, iwe 2014 au 2044. Upepo unabadilika mwaka kwa mwaka, maji hayabadiliki. Kalenda ya simiti inakupa upepo ule ule na kukuficha maji. Mfungo Sita unakupa maji na kukuambia upepo utajijua mwenyewe. Wazee walichagua kujua maji. Sisi tulichelewa siku ile kwa unga. Laiti tungetoka alfajiri, ufuo ulikuwa wazi unatungoja.

Atasema mtu njia ya Garsen haina bahari. Kweli. Ina usiku, na usiku una mwezi. Ukitoka Malindi mwezi wa 14 au 15, ukaenda kilomita 20 kwa siku, unafika Lamu mwezi wa 25 au 26, na alfajiri zote hizo, kila moja, mwezi uko juu unakumulikia. Kila siku unapungua kidogo na unachelewa kuchomoza kidogo, lakini saa kumi ya usiku utaukuta. Tembea saa kumi mpaka saa tatu, kisha tafuta mwembe ulale. Hiyo ndiyo saa ya kuchagua, na mkipenda ipigieni kura.

Tatizo kijana wangu, huyo mtoto wa kaka, kasoma. Bosi wake, mzee wa Kitaliano mpole sana, aliwahi kwenda kutembea njia ya Santiago de Compostela kule Hispania. Walianzia Saint-Jean-Pied-de-Port upande wa Ufaransa, kilomita 780 hivi, mwezi mzima na siku zake. Na kumbe huko watu huchagua: wengi watakwambia Mei au Septemba. Sina ugomvi nao. Njia ya juu ya milima ya Pyrenees hufungwa Novemba mpaka Machi kwa sababu ya theluji. Kati ya Burgos na León hakuna kivuli, na Julai pale ni kikaango. Na wanachokiendea, kaburi linaloaminiwa kuwa la Mtakatifu Yakobo, lipo mwaka mzima. Mwenye kutaka Mei, Mei. Lakini hata wao sikukuu yenyewe ni 25 Julai, katikati ya joto, na mwaka ambao siku hiyo inaangukia Jumapili wanauita Mwaka Mtakatifu na njia inafurika watu. Unaofuata ni 2027. Sijasikia aliyeomba Yakobo ahamishiwe Mei. Jirani yangu Mkatoliki anaendaga Namugongo kwa basi, na huko Uganda kuna wanaotembea wiki nzima na zaidi kuiwahi 3 Juni, kwa sababu ni siku hiyo mwaka 1886 ambapo wale vijana walichomwa moto. Mvua ikinyesha inanyesha.

(Kijana kachukua na mambo ya vitabu vya mihuri. Huko Hispania kila unapolala unagongewa muhuri, mwisho unapewa cheti. Anataka na sisi tuwe navyo. Nimemuuliza nani atagonga muhuri Marereni, akasema "tutampata mtu." Nawaonea huruma wauza chai wa Marereni.)

Haya, nikubali nisichotaka kukubali. Joto si mchezo. Hija ya 2024 iliangukia katikati ya Juni, Makka ikapita nyuzi 51, na Saudia wenyewe walitangaza vifo zaidi ya 1,300, wengi wao watu waliokwenda bila kibali, waliotembea masafa marefu juani bila hema wala kivuli. Nilikuwa na mtu wa mtaani kwetu huko na sikulala mpaka alipopiga simu. Kwa hiyo sisemi mtu ajitupe tu aseme Mungu yupo. Nasema hata pale, kilichowatenga waliopona na wengi wa waliokufa ni kivuli, maji na saa. Mwezi wa Hija ulikuwa mmoja kwa wote. Angalieni wanaotembea Najaf mpaka Karbala siku za Arubaini, kilomita 80 hivi, mamilioni ya watu, na miaka hii inaangukia Agosti ya Iraq ambayo ni jiko. Nayo iko mwezi wa Safar, Mfungo Tano wetu, inazunguka kama Maulidi yanavyozunguka. Wanafanyaje? Wengi wanatembea usiku, mchana wanalala, na njia nzima watu wameweka mahema, maji na chakula bure. Wamechukua mwezi waliopewa, wakautengenezea.

Mngetumia hizo siku za kura kutafuta nani atatuwekea mtungi wa maji kati ya Gongoni na Marereni, tungekuwa mbali.

La usalama sitabishana. Garsen kwenda mbele, mpaka Mokowe, tutafanya wanavyosema askari, na wakisema pandeni basi tutapanda basi, na sitaki kumsikia mtu anasema safari imeharibika. Mvua vile vile: barabara ikikatwa na maji ya Tana imekatwa. Na mwenye sukari na presha aende kwanza kwa daktari.

Jana usiku nikashindwa kuvumilia, nikaandika kwenye grupu: "Mwezi wa 14 Mfungo Sita, saa kumi ya usiku, mbele ya Msikiti wa Ijumaa. Sizungumzi tena habari ya msimu. Atakayekuja aje na ndala mbili." Kimya. Kisha mmoja akauliza kama kutakuwa na chai. Mwingine, yule wa mahamri, yuko kwenye grupu pia kwa bahati mbaya, akasema yeye ataleta. Saa sita kasoro ya usiku mtoto wa kaka yangu akaandika:

"Sawa shangazi. Hiyo ni tarehe ngapi?"

Nimemjibu kwa dole gumba.