Ushirikiano wa hewa ukaa upimwe kwa kilo za gesi

Kati ya makubaliano yote ya kimataifa ya mazingira, lililofanya kazi kubwa kimyakimya ni lile la gesi za mafriji na viyoyozi. Itifaki ya Montreal ya 1987 ililenga kuokoa tabaka la ozoni, lakini CFC, gesi za mafriji ya zamani ilizoziondoa, zilikuwa pia zinapasha dunia joto mara maelfu kuliko hewa ukaa, kilo kwa kilo. HFC zilizochukua nafasi yake haziharibu ozoni, ila joto ni lilelile. Ndiyo maana Oktoba 2016 yakapitishwa Marekebisho ya Kigali: nchi tajiri zipunguze HFC kwa asilimia 85 ifikapo 2036, na nyingi ya zinazoendelea asilimia 80 ifikapo 2045.

Ratiba bila fedha ni karatasi tu. Itifaki hii ina mfuko unaolipia gharama ya ziada ya kubadili kiwanda: mashine mpya ya kujazia, vitambuzi vya uvujaji, feni za kutolea hewa pale gesi mpya inapokuwa ya kuwaka. Mfumo wa vibali wa Itifaki ya Kyoto, mkataba wa tabianchi ambako anayepunguza gesi hupata hati za kuuza, ulikwenda njia nyingine. Viwanda vya HCFC-22 (R-22), gesi nyingine ya viyoyozi, hutoa HFC-23 kama taka, vikaruhusiwa kuuza vibali kwa kuichoma. Kuichoma ni rahisi, vibali vikawa na faida kuliko bidhaa yenyewe, na taka ikageuka mtaji. Umoja wa Ulaya ulivikataa vibali hivyo kuanzia Mei 2013, nami naona ulichelewa.

Kinachosahaulika ni fundi. Kiyoyozi chenye kilo moja ya R-410A, mchanganyiko wa HFC, kikivuja chote ni sawa na tani mbili za hewa ukaa. Kilo ya R-32, HFC nyingine, ni kama theluthi ya hapo, na ya propani (R-290) ni karibu na sifuri. Lakini fundi asiye na mashine ya kuvuta gesi hufungua valvu akaiachia hewani, kisha anajaza mpya bila kutafuta tundu. Mara nyingi tundu liko kwenye maungio, nati ikiwa imekazwa kupita kiasi au haikukazwa vya kutosha.

Kazi sahihi huanza na kupima uvujaji kwa nitrojeni kavu, kamwe si oksijeni, ambayo ikikutana na mafuta ya kompresa hulipuka. Paka povu la sabuni kwenye maungio, uangalie geji isishuke. Vuta kwa pampu ya vakyumu hadi mikroni 500 (kipimo cha shinikizo lililobaki ndani), funga valvu, uone kama kipimo kinapanda. Kikipanda, kuna unyevu au bado panavuja. Gesi ijazwe kwa mizani, na R-410A itoke mtungini ikiwa kimiminika, kwa kuwa ni mchanganyiko wa gesi mbili. Na propani, ambayo huwaka, isitiwe kwenye mashine iliyotengenezwa kwa R-22: swichi zake hutoa cheche.

Ripoti za wafadhili huhesabu semina na washiriki. Mimi ningeuliza kilo ngapi za gesi zimerudi mitungini, na mitungi hiyo inapelekwa wapi. Nyingi ya bajeti hizi hununua mashine za kuvuta gesi lakini hazigusi usafirishaji wala uteketezaji, na mtungi ukijaa bila pa kupelekwa, fundi ataufungua tu ili apate nafasi.